Ushuru Sufuri, Bei Juu: Jinsi Mpaka Unavyoingia Kwenye Kapu la Mkaazi

Machungwa mengi yanayouzwa Kongowea, Likoni na Magongo hutoka Muheza, mkoa wa Tanga, ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga. Vitunguu vingi tunavyokaangia hutoka Tanzania, na vivyo hivyo sehemu ya nyanya, mchele na mahindi. Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga ni yapata kilomita 100. Kwa muuzaji wa Mtongwe au Shika Adabu, Tanga iko karibu zaidi kuliko Nairobi.

Ndiyo maana wakaazi wa Mombasa bara huuliza swali hili kila bei inapopanda: ikiwa Kenya na Tanzania ziko katika jumuiya moja, na tunaambiwa ushuru baina yao umeondolewa, mbona neno dogo likizuka mpakani nyanya hupanda bei siku ya pili?

Jibu kwa ufupi ni kwamba ushuru ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kuvuka mpaka. Sehemu kubwa ni kusubiri, karatasi zisizokamilika na maagizo yanayotoka ghafla. Gharama hizo huanza kwa mwenye lori, zikamfikia muuzaji wa jumla, kisha mama mboga, na mwisho hulipwa na anayenunua fungu la nyanya jioni akirudi nyumbani. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo yanavyofanya kazi, na yale ambayo mfanyabiashara mdogo anaweza kufanya ili mzigo wake usikwame.

Ushuru wenyewe unasemaje

Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini mwaka 2004 na ikaanza kutumika Januari 2005. Ina mambo mawili makuu.

La kwanza: bidhaa iliyozalishwa katika nchi mwanachama haitozwi ushuru wa forodha inapoingia nchi nyingine mwanachama, mradi ithibitishwe kwamba kweli imezalishwa humo. Kwa baadhi ya bidhaa za Kenya zilizokuwa zikienda Uganda na Tanzania, ushuru ulipunguzwa mwaka baada ya mwaka hadi ukaisha mwaka 2010.

La pili: bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru kwa viwango vya pamoja, iwe imeingilia Mombasa au Dar es Salaam. Viwango hivyo ni asilimia 0, 10 na 25, na tangu tarehe 1 Julai 2022 kimeongezwa cha nne cha asilimia 35. Ziko pia bidhaa zinazoitwa nyeti, kama sukari, mahindi na mchele, ambazo hutozwa zaidi ili kuwakinga wakulima wa kanda hii. Nchi moja moja huruhusiwa kuomba kiwango tofauti kwa muda.

Tuchukue mchele, kwa kuwa ni chakula cha kila nyumba ya Pwani. Kwa miaka mingi Kenya imeruhusiwa kutoza mchele wa kutoka nje ya Jumuiya asilimia 35 ya thamani yake au dola 200 za Marekani kwa kila tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Mchele wa Pakistan unaoshushwa bandarini Kilindini hukutana na ushuru huo, isipokuwa serikali ya kitaifa inapotoa nafuu maalum. Mchele wa Kyela au Mbeya unaopitia Lunga Lunga hautozwi ushuru wa forodha. Kwa hivyo mpaka ukiwa shwari, mchele wa jirani una nafasi nzuri sokoni. Mpaka ukikaza, mlaji hurudi kwenye mchele uliokwisha kulipiwa ushuru, na bei yote ya soko hufuata huko.

Yafaa kukumbuka mambo mawili zaidi. Ushuru wa forodha kuwa sufuri hakumaanishi kodi zote ni sufuri: bidhaa za viwandani hutozwa kodi ya ongezeko la thamani kama zinavyotozwa zile zilizotengenezwa hapa nchini. Mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa hayatozwi kodi hiyo.

Jambo jingine ni kwamba sufuri hiyo hutegemea uthibitisho wa asili ya bidhaa. Kwa mazao ya shambani uthibitisho huo si mgumu, maana chungwa lililochumwa Muheza ni la Tanzania. Kwa bidhaa za kiwandani ugomvi huzuka. Mwaka 2018, kwa mfano, peremende na chokoleti za Kenya zilitozwa asilimia 25 zilipoingia Tanzania kwa hoja kwamba zilitengenezwa kwa sukari iliyoingizwa Kenya bila ushuru kutoka nje ya Jumuiya. Bidhaa ilikuwa ni ileile na mpaka ni uleule, ila swali la "imetoka wapi" liliigeuza kutoka sufuri hadi robo ya thamani yake.

Gharama isiyo na risiti

Mbali na ushuru, kuna yale ambayo sheria za Jumuiya huyaita vikwazo visivyo vya kiushuru. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo hivyo ilitungwa kwa sababu nchi wanachama ziliona kwamba zilichotoa kwa mkono mmoja zilikuwa zikikirudisha kwa mkono mwingine. Vikwazo hivyo ni kama hivi:

Kibali kinachotakiwa leo ambacho jana hakikutakiwa. Ukaguzi unaorudiwa mara mbili, kwanza na idara ya nchi moja kisha na idara ya nchi ya pili, kila moja ikitaka sampuli yake. Mtandao wa kompyuta kukatika na foleni kusimama. Mzigo kufika mpakani wakati afisa anayehusika na mimea hayuko zamu. Vizuizi vya barabarani visivyoisha. Au nchi moja kupiga marufuku bidhaa fulani kwa notisi ya siku moja.

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Lunga Lunga na Horohoro kilijengwa kupunguza baadhi ya hayo. Chini ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 kuhusu vituo vya aina hii, lori husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia. Lori linalokuja Kenya hushughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili likiwa Lunga Lunga, na linalokwenda Tanzania hushughulikiwa Horohoro. Zamani msafirishaji alisimama mara mbili, akashuka mara mbili, akapanga foleni mbili. Kituo cha pamoja kimepunguza hatua, lakini hakiwezi kutibu karatasi iliyosahaulika Tanga, wala agizo lililotoka mji mkuu asubuhi hiyo.

Hesabu ya kreti 50 za nyanya

Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi ni za kuelezea tu, si bei za soko za wiki hii.

Mfanyabiashara wa Likoni ananunua kreti 50 za nyanya Tanga kwa shilingi 3,000 kila moja. Hiyo ni shilingi 150,000. Analipa lori shilingi 20,000, na karatasi pamoja na vibarua shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 175,000. Ukigawanya kwa kreti 50, kila kreti imemgharimu shilingi 3,500 kabla hajaweka faida yake.

Sasa mzigo uleule unakwama mpakani siku mbili kwa sababu cheti cha afya ya mimea hakikuwa tayari. Mwenye lori anadai shilingi 10,000 zaidi kwa siku alizosimama. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini nyanya huoza: juani, ndani ya turubai, kreti 6 zinaharibika. Jumla ya gharama sasa ni shilingi 185,000, na kreti zinazouzika ni 44. Kila kreti imegharimu takriban shilingi 4,200.

Gharama imepanda kwa shilingi 700 kwa kreti, yaani asilimia 20, na hakuna hata senti moja iliyotozwa kama ushuru. Ushuru ukitozwa, angalau fedha huingia hazina na huenda zikarudi kama barabara au dawa. Fedha za kreti zilizooza hazikumfaidi mkulima wa Muheza wala muuzaji wa Likoni, na serikali za nchi zote mbili hazikupata chochote. Zimepotea.

Kumbuka pia kwamba mfanyabiashara aliyewahi kukwama mara moja hujikinga safari inayofuata. Huongeza bei kidogo hata mzigo ukipita salama, kwa kuwa hajui lini utakwama tena. Ndiyo sababu bei hupanda haraka neno likivuma, na hushuka polepole neno likiisha.

Mpaka ulipokaza: mifano ya miaka ya karibuni

Aprili 2017, Kenya ilisimamisha uingizaji wa gesi ya kupikia kwa barabara kutoka Tanzania, ikitaka gesi ipitie bandari ya Mombasa. Tanzania nayo ikazuia maziwa na sigara za Kenya. Julai mwaka huo serikali mbili zilikubaliana kuondoa vizuizi hivyo. Kwa miezi mitatu hivi, ugomvi ulioanza na mtungi wa gesi ulikuwa umemfikia mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ambaye hakuwa na habari na gesi.

Mei 2020, wakati wa korona, madereva walitakiwa kupimwa mpakani na nchi hizi mbili zikatofautiana kuhusu matokeo ya vipimo. Malori yalizuiwa Horohoro, Taveta na Namanga. Mizigo ya vyakula ilisimama huku mfuko wa wengi ukiwa mwepesi.

Machi 2021, Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa na badala yake yakawekwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili, na vipimo vionyeshe sumu haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni.

Mwaka 2023, Tanzania ilianza kusisitiza kwamba anayenunua nafaka kwenda nje awe na leseni ya biashara, nambari ya mlipa kodi ya Tanzania na kibali cha kusafirisha nje. Wanunuzi wa Kenya waliozoea kuingia na fedha na kutoka na mzigo walijikuta wamekwama. Mwishoni mwa mwaka huo bei ya vitunguu nchini Kenya ilipanda sana, na kupungua kwa shehena za Tanzania kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Julai 2025, Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo ndogo. Miongoni mwazo ni kununua mazao shambani, na pia uwakala wa forodha. Serikali ya Kenya ilisema hatua hiyo inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Kwa mfanyabiashara wa Kongowea aliyekuwa akienda mwenyewe hadi kwenye mti wa mchungwa, maana yake ni kwamba sasa anahitaji mshirika Mtanzania anayenunua na kumkabidhi mzigo kwa utaratibu unaokubalika. Anakuwa na mtu mmoja zaidi wa kulipwa njiani.

Tukitazama mifano hii kwa haki, tutaona kwamba hakuna upande mmoja wa kulaumiwa. Kenya imefunga na Tanzania imefunga. Na si kila kufunga ni usumbufu tu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 katika maeneo ya Mashariki mwa Kenya, kutokana na mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa humu humu nchini. Ukaguzi wa nafaka ni kinga ya maisha ya watu. Tatizo huja ukaguzi unapotangazwa kwa ghafla, malori yakiwa tayari barabarani.

Changamwe: mpaka ulio kilomita 900 mbali

Mkaazi wa Chaani, Port Reitz au Magongo anaweza kuona kwamba habari za mpaka zinamhusu mtu wa Likoni zaidi. Kwa kweli Changamwe huishi kwa mpaka kila siku, ila mpaka wake ni Malaba na Busia, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kipevu.

Bandari ya Mombasa hupokea mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo, na Uganda ndiyo mteja mkubwa zaidi wa mizigo ya kupita. Tangu mwaka 2014 nchi za Jumuiya zimekuwa zikitumia mpango wa Himaya Moja ya Forodha. Chini yake, mzigo wa Kampala hukadiriwa na kulipiwa kodi za Uganda ukiwa bado Mombasa, kisha hufungwa lakiri ya kielektroniki inayofuatiliwa njia nzima. Kwa hesabu za Jumuiya, mpango huo ulipunguza safari ya Mombasa hadi Kampala kutoka siku 18 hadi takriban 4.

Siku hizo zilizookolewa zina maana kubwa kwa Changamwe. Lori linalorudi mapema hupata safari nyingine, na dereva na utingo wake hulipwa kwa safari mbili ambapo zamani walilipwa kwa moja. Mwenye gereji, muuza matairi na mama wa mkahawa wa kando ya barabara ya Magongo hupata wateja. Malaba ilipoziba Aprili na Mei 2020 kwa sababu ya vipimo vya korona, foleni ilifika makumi ya kilomita. Malori yaliyosimama kule hayakuweza kuja kuchukua makasha huku. Mfanyabiashara wa Kampala alikosa bidhaa, na kijana wa Changamwe anayeosha malori alikosa lori la kuosha.

Mfanyabiashara mdogo afanye nini

Hakuna mtu mmoja anayeweza kuondoa vikwazo vya mpaka peke yake. Lakini mizigo mingi hukwama kwa mambo yanayozuilika kabla ya safari. Haya ndiyo ya kuzingatia kwa anayeleta mazao kutoka Tanzania.

1. Jua kama unaingia katika utaratibu rahisi wa biashara. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani (takriban shilingi 260,000 kwa kiwango cha kama shilingi 130 kwa dola) wa bidhaa zilizozalishwa katika Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Cheti hicho hupatikana mpakani kwa maafisa wa forodha, na mfanyabiashara anaweza kukishughulikia mwenyewe. Kreti zetu 50 za nyanya zingeingia katika utaratibu huu. Usigawanye mzigo mkubwa vipande vipande ili uonekane mdogo. Ukigundulika utapoteza zaidi ya ulichookoa.

2. Cheti cha asili hakichukui nafasi ya vyeti vya afya. Hapa ndipo wengi huteleza. Mazao hata ya gunia moja huhitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, kinachoombwa kabla mzigo haujaondoka, na cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na mamlaka ya nchi mzigo unakotoka. Anza na kibali cha Kenya, kisha cheti cha Tanzania, kisha ndipo upakie.

3. Kwa nafaka, pima kabla ya kupakia. Mahindi yaliyokaushwa vibaya yatakataliwa Lunga Lunga hata yakiwa na karatasi zote. Ni nafuu kukataa gunia bichi ukiwa ghalani kuliko kulirudisha kutoka mpakani.

4. Kwa bidhaa za kiwandani, tazama alama ya ubora. Nchi wanachama zimekubaliana kutambua alama za ubora za mashirika ya viwango ya wenzao, kwa bidhaa zinazofuata viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki. Bidhaa yenye alama halali ya shirika la viwango la Tanzania haipaswi kupimwa upya na KEBS bila sababu. Isiyo na alama hukaa ikisubiri vipimo.

5. Andika makubaliano na mshirika wako wa ng'ambo. Bei, uzito, nani analipa nini, na nani anabeba hasara mzigo ukikwama. Ahadi ya simu haisaidii nyanya zikianza kuoza.

6. Dai risiti kwa kila malipo. Malipo halali yana risiti. Ukitakiwa kulipa bila risiti, au ukiwekewa sharti ambalo hakuna anayeweza kukuonyesha lilikoandikwa, andika tarehe, mahali na kilichotakiwa. Vikwazo vya aina hii vinaweza kuripotiwa katika mfumo wa mtandaoni unaotumiwa na Jumuiya pamoja na COMESA na SADC, na kwa Idara ya Biashara ya serikali ya kitaifa, ambayo hujadiliana na nchi jirani. Kikwazo ambacho hakijaripotiwa hakiwezi kuwekwa mezani.

7. Epuka njia za panya. Inaonekana rahisi kupita vichochoroni karibu na Vanga au Lunga Lunga mzigo ukiwa mdogo. Lakini sheria ya forodha ya Jumuiya inaruhusu mali ya magendo kutwaliwa pamoja na chombo kilichoibeba. Zaidi ya hayo, mazao ambayo hayatozwi ushuru kihalali hayana sababu ya kufichwa. Anayeyapitisha panya anakimbia karatasi tu, na karatasi ni nafuu kuliko pikipiki.

Wanaofanya biashara ya aina moja katika mtaa mmoja, iwe Bofu, Kiembeni au Mikindani, wanaweza pia kuungana katika chama cha ushirika. Chama kinaweza kuwa na mshirika mmoja wa kuaminika Tanga, kuombea wanachama vibali mapema na kukodi lori kwa bei nafuu. Mtu mmoja akikwama peke yake, hasara yote ni yake. Wakiwa kumi, hasara hugawanyika.

Kaunti ina uwezo gani, na haina upi

Ni vyema mkaazi ajue mipaka ya madaraka ili apeleke hoja yake mahali panapofaa. Kifungu cha 209 cha Katiba kinasema kwamba ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani hutozwa na serikali ya kitaifa pekee. Kaunti haiwezi kupunguza wala kuongeza ushuru wa Lunga Lunga. Forodha, uhamiaji na mazungumzo na nchi jirani ni kazi za serikali ya kitaifa, na eneo lenyewe la mpaka liko kaunti ya Kwale.

Kazi za kaunti ziko katika Jedwali la Nne la Katiba: kukuza na kudhibiti biashara, masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika, barabara za kaunti, afya ya umma na udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo. Kifungu hicho cha 209 pia kinazikataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara baina ya kaunti au kuzuia bidhaa kusafiri nchini.

Hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Nyanya iliyopoteza siku mbili mpakani haiwezi kupoteza siku ya tatu mlangoni mwa soko. Lori la kutoka Lunga Lunga linaweza sasa kufika Miritini na kuelekea bara ya kaskazini kwa barabara ya Dongo Kundu bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Lakini likifika sokoni na kukosa mahali pa kushusha, faida ya barabara imeishia hapo. Ada ya soko, mahali pa kushushia mizigo, kivuli na maji ya kusafishia ni mambo yaliyo mikononi mwa kaunti, na mkaazi ana haki ya kuyauliza. Jukwaa lake ni vikao vya ushirikishwaji wa umma vya bajeti na mipango katika wadi. Mfanyabiashara anayefika kikaoni na hesabu, kama ile ya kreti 50, husikika vizuri zaidi kuliko anayefika na malalamiko matupu.

Kwa mnunuzi

Bei ikipanda ghafla, si lazima mama mboga awe ndiye amejitajirisha. Mara nyingi yeye ndiye mtu wa mwisho kujua sababu na wa kwanza kulaumiwa. Muulize mzigo umetoka wapi. Akisema Tanzania na mpaka umekaza, tazama kama kuna zao la karibu linaloweza kushika nafasi kwa wiki hiyo: nyanya za Taveta au machungwa na maembe ya Kilifi na Kwale kwa msimu wake. Mahindi nayo, yawe ya nje au ya hapa, yasinunuliwe yakiwa na ukungu au harufu hata yakiwa rahisi.

Biashara kati ya Mombasa na Tanga ni ya kale kuliko mpaka unaozitenganisha, na watu wa pande mbili hizi husemezana kwa lugha moja, huoana na huzikana. Ushuru baina yao ulikwisha kushuka hadi sufuri. Kazi iliyobaki ni kufupisha safari ya karatasi ili ilingane na safari ya lori. Sehemu ya kazi hiyo ni ya serikali ya kitaifa na sehemu ni ya kaunti. Sehemu ndogo, lakini inayoanza kulipa siku hiyo hiyo, ni ya mfanyabiashara mwenyewe anapohakikisha cheti cha afya ya mimea kiko mkononi kabla kreti ya kwanza haijapakiwa.